Nywele za Uzi

Jumatatu, 14 Julai

Kichujio nimebadilisha. Cha jana kimetoka cheusi kuliko cha juzi, moshi wote wa gereji za Gerezani umo. Nimekikunja, nimekikandamiza kwenye mashine mpaka kikawa kama kipande cha sabuni ya mche, nimekiweka kabatini kipumzike. Kesho kinaingia kwenye kipimaji. Keshokutwa majibu yanakwenda makao makuu ng'ambo kabla sijanywa chai.

Watu wakiniuliza kazi yangu, nasema nabadilisha vichujio. Wanadhani vya magari. Siwasahihishi. Nikianza kueleza kwamba juu ya paa letu kuna mashine inayonusa hewa, ili dunia ijue kama kuna nchi imelipua bomu la nyuklia kwa kificho, nitaulizwa maswali mpaka jioni. Na kusema kweli hatujawahi kunusa chochote. Vumbi, masizi, chumvi ya bahari. Ni kazi ya kungoja kitu unachoomba kisije.

Mama anakuja keshokutwa kutoka Mbinga. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa.

Jumatano, 16 Julai

Mama kafika. Kakonda. Macho yamemtoka, mikono inatetemeka, lakini gunia la maharage kalishusha mwenyewe kwenye bajaji na kumfokea dereva.

Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu, alipanda na sahani ya kaimati. Duka lake la vitambaa liko chini yetu, ukoo wao umekaa mtaa huu wa Kariakoo tangu babu yake alipotoka Uarabuni. Wamependana papo hapo, wote wanapenda kulalamika. Mwanangu Nuru hakubanduka mapajani kwa bibi yake. Ana miaka minne na alikuwa hajamwona tangu akiwa ananyonya.

Nilikuwa na furaha leo. Niandike, isije ikasahaulika.

Ijumaa, 18 Julai

Hospitali. Mama kapewa kidonge kimoja tu. Daktari alikitoa kwenye chombo kizito, akakisukuma kwa koleo, akarudi nyuma. Mama akacheka, akasema dawa gani hii inayoogopwa na mganga wake.

Iodini yenye mionzi. Inakwenda moja kwa moja kwenye tezi ya shingo na kuichoma kwa ndani. Mimi naijua kwa njia nyingine. Ni mojawapo ya vitu nilivyofundishwa kuvitafuta kwenye hewa, maana bomu likilipuka nayo hutoka.

Masharti: kwa zaidi ya wiki mbili alale peke yake, ale kwenye vyombo vyake, asiguse mtoto, watu wazima wakae naye mbali. Dawa inatoka kwa jasho na mate. Daktari alirudia neno mate, akinitazama mimi.

Nuru nimempeleka Ilala kwa wifi yangu. Alilia njia nzima.

Kazini kuna sharti pia. Mwenye mgonjwa wa namna hii nyumbani anamwambia bosi na hagusi vichujio mpaka aruhusiwe. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, na kuna mwenzangu anayeitaka nafasi hii hata usingizini. Nitasema Jumatatu.

Jumamosi, 19 Julai

Mama yuko chumba cha ndani, mimi sebuleni. Chakula namwekea kwenye stuli mlangoni, narudi nyuma, ndipo anakuja kuchukua. Sahani yake nimeichora msalaba wa rangi ya kucha.

Kaniuliza, "Asteria, nina ukoma?"

Nikasema hapana, ni dawa tu, itaisha. Akasema alipokuwa mtoto kulikuwa na mwanamke kijijini aliyewekewa chakula hivyo. Hakusema iliishaje.

Jioni nilimsikia akizungumza. Nikadhani yuko kwenye simu. Alikuwa amechuchumaa mbele ya viatu vya Nuru, anavisimulia habari za Mbinga.

Jumapili, 20 Julai

Nimerudi kanisani nikamkuta katandika mkeka, kashika chanuo na uzi mweusi. Kasema njoo nikusuke, nywele zako zinatia aibu mbele ya watu. Nikasema Mama, daktari kakataza. Hakubisha. Aliviweka chini pole pole na kutazama ukuta.

Sikuweza kukataa.

Nilikaa. Magoti yake mabegani kwangu kama nilivyokaa miaka yote ya shule. Alivuta, aliuma uzi kwa meno, alilowanisha ncha kwa mate, akafunga, akaanza mwingine. Mikono ilikuwa haitetemeki. Nilijiambia ni saa moja tu, mimi ni mtu mzima, tena nitaoga. Nikasinzia.

Nywele za uzi, zimesimama wima. Bi Zuhura kasema nimerudi usichana. Sijutii.

Jumatatu, 21 Julai

Kofia ya kazini haikai juu ya nywele hizi. Nimeiegesha juu juu, ikaanguka mezani mara mbili wakati nakunja kichujio. Niliiokota, nikaendelea.

Bosi alikuwa na wageni. Sijamwambia. Kesho.

Jumanne, 22 Julai

Sijamwambia. Sina sababu ya kuandika. Niliogopa, basi.

Alhamisi, 24 Julai

Iodini.

Dokta Kileo, bosi wangu, aliniita ofisini asubuhi. Ni mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi. Leo tai ilikuwa mfukoni. Kichujio nilichokunja Jumatatu kina iodini. Cha Jumanne nacho pia. Ng'ambo wamekwisha kupiga simu. Alikuwa na furaha ya mtu aliyengoja basi miaka mingi, halafu furaha ikamtoka usoni akakaa chini.

Iodini peke yake si ushahidi wa bomu. Yeye anajua, mimi najua, wa ng'ambo wanajua zaidi. Bomu halitoi kitu kimoja. Lakini upepo wa siku hizi unatoka baharini, kusini, na huko kusini kuna visiwa ambako manowari za watu zinaingia na kutoka.

Kisha akauliza. Kawaida tu, kama anauliza saa. "Asteria, kwako hakuna mgonjwa wa tezi? Aliyepewa dawa hospitali?"

Nikasema hapana.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo tangu Jumatatu. Nilirudi kwa mguu kupitia Msimbazi, nikamnunulia Mama machungwa, nikayaweka kwenye stuli, nikarudi nyuma.

Ijumaa, 25 Julai

Imevuja. Sijui nani kaivujisha, si mimi na naamini si Dokta. Mchana televisheni ya dukani kwa Bi Zuhura ilikuwa inaonyesha ramani ya bahari yetu, na duara jekundu juu ya Dar es Salaam.

Niandike ninavyoelewa. Kuna mataifa mawili makubwa, marafiki tangu enzi za babu zetu. Walipigana vita pamoja, wana kambi pamoja, mabomu yao yanalindana. Mkataba wao wa kuyapunguza unakwisha, na kesho walikuwa waweke saini mpya. Sasa mmoja anasema mwenzake kajaribu bomu baharini kwa siri huku akimchekea mezani. Mwenzake anasema ametukanwa, na kwamba anayewahi kulaumu ndiye mwenye lake. Wanasema kwa hasira ya watu wa nyumba moja, ambayo ni mbaya kuliko ya majirani.

Mtaalamu mmoja alisema kwenye televisheni kwamba iodini peke yake haitoshi. Walimpa nafasi fupi, wakarudi kwenye ramani.

Nilisimama na wateja nikitazama duara lile jekundu. Ndani yake kuna ghorofa yetu. Ndani ya ghorofa kuna Mama, anamenya chungwa.

Inawezekana ni nguo zangu. Inawezekana ni hospitali yenyewe, moshi wao, maji yao. Inawezekana si mimi.

Jumamosi, 26 Julai

Hawakuweka saini. Mmoja hakutokea kabisa. Meli za vita zimeanza kusogezwa.

Bi Zuhura alinishika mkono ngazini. Mwanawe Salim ni mpishi kwenye meli ya mizigo, na sasa hivi wako huko huko kusini. Simu yake haipatikani tangu jana. Anajua nafanya kazi inayohusiana na hewa. Akasema, "Mwanangu, wewe uko na wasomi. Niambie kweli. Kuna hatari?"

Nilimwambia sijui. Kanishukuru. Kanishukuru, na mimi nikapanda ngazi.

Jumapili, 27 Julai

Juzi niliazima kipimo kidogo cha kazini, kile kinacholia tik kikikuta mionzi. Nilitaka kujua nguo ipi. Leo Mama alipolala mchana nilikiwasha.

Mlangoni kwake kililia, nilitarajia. Gauni la kazini, kimya. Viatu, kimya. Begi, kimya. Nikafurahi. Nikaenda dirishani, mbali kabisa na mlango wa Mama, nipate kulinganisha. Kikaanza kulia tena. Nikageuza huku na huku, sielewi. Nikakiinua kukitazama vizuri karibu na uso.

Kikalia mfululizo.

Kwenye mto wangu nako kinalia. Kwenye kitambaa cha kiti ninapoegemeza kichwa. Kila nilipolala kuna alama yangu nisiyoiona. Nilikaa sakafuni kama mjinga, nimeshika kipimo kwa mkono mmoja na mkono mwingine nashika nyuzi moja moja. Kila fundo alilofunga. Kila mahali alipouma kwa meno.

Alipoamka aliuliza ni kitu gani kile kinachotatarika. Nikasema panya.

Jumatatu, 28 Julai

Sikwenda kazini. Nimesema nina malaria.

Naona haya kuandika hili lakini hakuna wa kulisoma. Namwogopa Mama. Akikohoa nashtuka. Akipita kwenda chooni nabana pumzi. Kisha ananiuliza kama nimekula, kwa sauti ile ile, na najichukia.

Alipokuwa hajanywa kile kidonge alinishika akasema, hakikisha tu sitamdhuru mtu. Nafuu nife na ugonjwa wangu kuliko kumdhuru mtu. Nikamwahidi. Sasa nikisema, nitawaambia watu kwamba mikono ya mama yangu ndiyo imefanya wakubwa wa dunia wanyoosheane mabomu. Nisiposema, Bi Zuhura ataendelea kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya televisheni na duka limefungwa. Hakufungua leo. Haijawahi kutokea siku isiyo ya sikukuu wala msiba.

Redioni mmoja wa wale marafiki kasema uvumilivu una mwisho. Mtangazaji akasoma, akahamia matokeo ya mpira.

Nyuzi zinawasha. Sithubutu kujikuna.

Jumanne, 29 Julai

Nimesema.

Dokta Kileo hakupiga kelele. Ningependa apige. Alinisikiliza hadi mwisho, akaenda kabatini akaleta kipimo kikubwa, akakipitisha kichwani mwangu toka kisogoni hadi kwenye paji. Tukakisikiliza wote wawili. Akakizima.

"Nilikuuliza, Asteria."

"Uliniuliza."

"Nikakuamini."

Baada ya hapo alizungumza na ng'ambo muda mrefu, mlango umefungwa. Alipotoka alikuwa na glavu, mkasi, wembe na mfuko wa plastiki. Walitaka nywele zenyewe. Kinyozi wa mtaani hafai, ingebidi tumweleze. Nilijikata mwenyewe mbele ya kioo cha choo cha wanawake, na Dokta amesimama mlangoni kageuka, ananyoosha mkono nyuma kushika mfuko. Nyuzi zilidondoka zikiwa bado zimefungwa. Mafundo ya Mama hayafunguki hovyo.

Kisogo kilinishinda. Akanimalizia yeye, na tai yake imerudi shingoni.

Akauliza kama Mama anajua. Nikasema hajui na asijue. Akatikisa kichwa. Nimesimamishwa kazi mpaka watakapoamua. Mkataba sijauliza.

Nimerudi nimefunga kilemba. Mama alikitazama.

Alhamisi, 31 Julai

Imetangazwa. Habari fupi, baada ya bei ya mafuta. Kwamba iodini ya Dar es Salaam haikutoka baharini. Kwamba mtumishi wa kituo alisukwa nywele na mgonjwa aliyekuwa kwenye tiba. Vipimo vya nywele vimelingana na vya kichujio. Dukani watu walicheka. Mmoja akasema wanawake na nywele bwana, watatuulia dunia.

Wale marafiki hawakuombana radhi. Mmoja kasema atakisoma kipimo hicho kwa makini. Mwenzake kasema shaka haitolewi kwa mkasi. Mazungumzo yataendelea siku itakayotajwa. Meli zao hazijarudi zilipotoka, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Nilidhani nikisema ukweli kitu kitafungwa kama mlango. Hakuna kilichofungwa.

Salim kapiga simu. Walibadilishiwa njia, mtandao ukapotea, basi. Bi Zuhura aliangua kilio dukani, akapandisha sauti ya televisheni hadi mwisho kama shukrani, ikawa inasikika nyumba nzima. Habari ile ikarudiwa. Kila neno lilipita sakafuni. Mgonjwa. Nywele. Mtumishi.

Nilikuwa sebuleni na birika mkononi. Chumba cha ndani kitanda kililia, Mama akafunga mlango wake. Hajawahi kuufunga.

Jumamosi, 2 Agosti

Hachukui chakula mpaka niondoke sebuleni. Sahani anaiosha mwenyewe, mara mbili, anaiegemeza ukutani. Nikizungumza anajibu kwa upole sana, kama mgeni.

Hajauliza habari ya kilemba. Mimi sijafungua. Tunapishana na jambo hilo humu ndani, kila mmoja analipisha.

Jumatano, 6 Agosti

Dokta Kileo kapiga simu. Sitarudi kwenye vichujio. Huenda wakaniweka stoo. Yule mwenzangu kaanza leo, ana nywele fupi.

Nilifikiri nitalia. Nilimwambia Dokta amkumbushe kwamba mashine inakwama asubuhi za mvua, lazima uigonge pembeni.

Jumapili, 10 Agosti

Ijumaa tulikwenda kwa daktari. Alimpima Mama, akasema imekwisha, aishi na watu. Alipomshika begani Mama alirudi nyuma.

Leo Nuru amerudi. Alipanda ngazi mbio, akanivuta kilemba kwa mchezo wake wa siku zote, kikafunguka chote.

Mama alikuwa kakaa mkekani. Kwetu mwanamke hanyoi hivi ila kwa msiba. Akanitazama kichwa muda mrefu.

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu, Mama."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akateremsha macho kwenye mikono yake. Ilikuwa imelala mapajani, viganja juu, haitetemeki tena. Nikajua kwamba aliyasikia yote siku ile, na kwamba amekaa nayo peke yake nyuma ya mlango.

"Naruhusiwa?" akauliza.

Nikaenda nikakaa katikati ya magoti yake. Kisha nikasikia kifuniko cha mafuta ya nazi kikifunguka, na viganja vyote viwili vikatua kichwani mwangu, vya moto. Nilingoja sauti ya kipimo. Hakuna kilicholia. Chini Bi Zuhura alikuwa anabishana na mteja juu ya upana wa kitambaa.

Mama alinipaka taratibu, kichwa kizima, hadi nyuma ya masikio. Nuru alileta chanuo na uzi, akakaa mbele yangu kungoja zamu yake.